Kabla Hujanunua Prizimu: Kuchagua Kilengeo cha Kamera ya Filamu ya 120

Mtu akishapata kamera ya filamu ya 120, iwe Hasselblad aliyoachiwa na mzee wake, Mamiya iliyolala miaka katika kabati la studio, au Bronica aliyoagiza mtandaoni, swali lake la kwanza huwa la lenzi. La pili ni filamu zinapatikana wapi. Kilengeo, yaani ile sehemu ya juu unayotazamia kabla hujabonyeza, hukumbukwa mwisho, na mara nyingi hununuliwa kwa mazoea ya kamera ndogo: mtu amezoea kubandika jicho nyuma ya kamera na kutazama mbele, basi anatafuta prizimu ili aendelee hivyo hivyo. Nakuomba usiwe na haraka. Kilengeo ndicho kinachoamua kamera ikae kifuani, kidevuni au usoni, na hapo inapokaa ndipo picha inapoanzia. Ukikibadilisha, umebadilisha urefu ambao kamera inaona, namna unavyosimama mbele ya mtu, na hata namna yeye anavyokutazama.

Mfano wangu mkuu utakuwa Hasselblad za ukoo wa 500, kwa sababu zina vilengeo vya kila namna na bado ni nyingi sokoni. Victor Hasselblad wa Göteborg, Sweden, alionyesha kamera yake ya kwanza ya kuuzia raia mjini New York mwaka 1948. 500C ikatoka mwaka 1957, na 500C/M mwaka 1970. Tangu mwanzo hadi utengenezaji ulipokoma mwaka 2013, muundo ulibaki ule ule: sanduku katikati, lenzi mbele, kasha la filamu nyuma, kilengeo juu, na kila kimoja kinachomoka. Mengi nitakayosema yanafaa pia kwa Bronica SQ, Mamiya RB67 na Kiev 88. Zinapoachana, nitaeleza.

Kwanza elewa unachokitazama. Mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo kilicholala mshazari ndani ya sanduku, unapanda juu na kutua kwenye kipande cha kioo chenye ukungu, kioo cha fokasi. Pale juu inajichora picha yenye upana wa sentimita zaidi ya tano na nusu kila upande, sawa na picha itakayobaki kwenye filamu. Kioo cha mshazari kimeshaisimamisha picha, kwa hiyo vichwa viko juu na miguu chini, ila kulia na kushoto vimebadilishana. Kilengeo chochote utakachonunua ni njia tu ya kuitazama picha hiyo. Haibadiliki yenyewe. Kinachobadilika ni jicho lako linakaa wapi, mwanga wa nje unazuiwa kiasi gani, na kama kulia kunarudishwa kulia.

Kilengeo cha kiunoni

Hiki ndicho kilichokuja na kamera nyingi zilipokuwa mpya: kuta nne nyembamba za bati zinazokunjuka na kusimama kuzunguka kioo, pamoja na lenzi ndogo ya kukuzia inayofyatuka ndani yake. Ni chepesi, hakina betri, kinakuonyesha picha bila vioo vingine katikati, na ukikikunja kamera inaingia kwenye mfuko mdogo. Kama kamera yako inacho tayari, nakushauri ukae nacho kwa miezi kadhaa kabla ya kutafuta kingine.

Sababu ya kwanza ni namna unavyotazama. Kwenye kamera ndogo jicho moja linachungulia tundu, na akili inaruka moja kwa moja kwenda kwa mtu aliye mbele. Kwenye kilengeo cha kiunoni macho yote mawili yanaangalia picha iliyokwisha kuwa bapa. Mti unaoota nyuma ya kichwa cha bibi harusi unauona mapema. Pembe zote nne unaziona. Wapiga picha wengi hupunguza mwendo wakianza kutumia kilengeo hiki, na kwenye roli yenye picha 12 tu, kupunguza mwendo ni faida.

Sababu ya pili ni mtu unayempiga picha. Ukiwa na kamera usoni, anazungumza na chuma. Ukiwa na kamera kifuani, uso wako uko wazi. Unainama kupanga, unainuka, unaongea naye, unamtazama machoni, na kidole kinabonyeza bila yeye kubabaika. Kwa mzee asiyezoea kupigwa picha, au mtoto anayeogopa, tofauti hiyo huonekana kwenye filamu. Mpiga picha Vivian Maier alitembea mitaa ya Chicago miaka mingi na kamera yake ya Rolleiflex ikining'inia kifuani, na picha zake zinaonyesha wazi kilengeo cha aina hii kinatoa nini: watu wanaonekana kutokea chini kidogo, wamesimama wakubwa na kamili, na wengi wao hawana ile sura ya mtu aliyeelekezewa kamera.

Urefu huo una mipaka yake, na hapa inafaa tukae kidogo. Mtu mzima akisimama na kamera kifuani, lenzi iko kwenye mita moja na robo hivi kutoka ardhini. Kwa picha ya mtu mzima wa kichwa hadi miguu, huo ni urefu mzuri sana: miguu haifupishwi, kichwa hakikuzwi, mwili unabaki na uwiano wake. Kwa mtu aliyeketi mkekani au kwenye kiti, na kwa mtoto, unaweza kufika usawa wa macho yake bila kupiga magoti. Kwa picha ya uso na mabega ya mtu aliyesimama, mambo yanageuka. Kamera inamtazama kutoka chini, kidevu kinakua, matundu ya pua yanaonekana. Dawa rahisi ni kumketisha, au kuinua tripodi na wewe upande juu ya kitu imara. Ukijikuta unafanya hivyo kila siku ya kazi, hiyo ni hoja halali ya kununua prizimu.

Majengo nayo yana taabu yake. Kamera ya kifuani hukushawishi uiinue pua ili ghorofa liingie lote, na kuta zinaanza kuangukia nyuma. Rudi nyuma, weka kamera sawa, kisha kata sehemu ya chini unapochapisha. Fremu ya mraba inakupa nafasi ya kufanya hivyo.

Kuna jambo ambalo watu hawalitumii vya kutosha: kilengeo hiki kinaweza kutazamwa kutoka chini. Inua kamera juu ya kichwa, igeuze miguu juu, uitazame ukiwa umeinua uso. Hivyo unapita juu ya umati au ukuta bila ngazi. Pia unaweza kuiweka kamera chini kabisa na kuitazama umesimama wima, jambo ambalo mwenye prizimu ya kunyooka hawezi kulifanya bila kulala kifudifudi.

Tatizo linalowakimbiza wengi ni kule kupinduka kwa kulia na kushoto. Mtu anatembea kuelekea kulia, kwenye kioo anaelekea kushoto, mkono unafuata kioo na fremu inamkosa. Halina njia ya mkato, ila halidumu. Chukua kamera isiyo na filamu, kaa kibarazani, ufuatishe kingo za mlango polepole, kisha uwafuate wapita njia. Lenga kufikiria mwili wako badala ya kioo: mtu anakwenda upande gani kweli, basi geuza kiuno upande huo. Kinachochelewa zaidi kuzoeleka ni kunyoosha upeo wa bahari, kwa sababu mteremko nao umepinduka na kila ukisahihisha unaongeza kosa. Kioo cha fokasi chenye mistari ya miraba hupunguza taabu hiyo karibu yote.

Hata hivyo kwa vitu vinavyokimbia kilengeo hiki hakifai. Mpira ufukweni, resi za ngalawa, mtoto anayemkimbilia mama yake: hapo utapoteza picha nyingi. Hasselblad nyingine hubandikwa fremu ya waya unayotazama ndani yake moja kwa moja, na vilengeo vya Rolleiflex nyingi vina ukuta wa mbele unaofunguka ili utazame kama dirishani. Ni vya kukisia tu, lakini kwa lenzi pana vinatosha. Julai 1969 wanaanga wa Apollo 11 walipiga picha juu ya Mwezi kwa Hasselblad isiyo na kilengeo cha namna hii kabisa, imefungwa kifuani mwa vazi, ikiwa na lenzi ya Zeiss ya milimita 60. Walilenga kwa kugeuza mwili.

Lenzi ya kukuzia

Ile lenzi ndogo inayofyatuka ni ya kufokasi peke yake. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, sogeza jicho mpaka liguse, fokasi kwenye jicho la mtu lililo karibu nawe, kisha rudisha kichwa na upange picha kwa macho mawili. Usiache hatua hii. Ukiwa na lenzi ya milimita 80 kwenye f/2.8, na mtu yuko mita moja na nusu, sehemu iliyo kali haizidi sana sentimita kumi. Akiyumba kidogo, masikio yatakuwa makali na macho yatakuwa ukungu.

Wanaotumia miwani ya kusomea wasikilize hapa. Kutazama kioo bila lenzi ya kukuzia ni sawa na kusoma gazeti mikononi, kwa hiyo utahitaji miwani yako ya kusomea. Kuna lenzi za kukuzia zinazobadilishwa kulingana na namba ya miwani. Ukikosa, fikiria kilengeo cha bomba, nitakachokieleza sasa.

Kilengeo cha bomba

Ni kikasha kigumu chenye kuta zisizokunjika, kirefu kama kikombe, chenye lenzi juu na mpira wa kuzunguka jicho. Picha bado imepinduka kulia na kushoto, lakini mwanga wa nje hauingii, picha inajaza jicho, na vingi vina pete ya kurekebisha kulingana na macho yako. Kwa kazi ya tripodi nakipenda kuliko vyote.

Kwa anayeishi ukanda wetu kina umuhimu wa pekee. Kilengeo cha kiunoni kimefunguka kuelekea mbinguni. Dar es Salaam jua husimama utosini mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Nairobi ni Machi na Septemba. Saa sita mchana katika miezi hiyo hakuna ukuta wa bati unaoweza kutia kivuli kwenye kioo, na picha inafifia hadi huwezi kufokasi. Kichwa chako kinasaidia kidogo, na kitambaa cheusi kinasaidia zaidi. Bomba linamaliza kabisa. Bei yake kwa kawaida iko chini ya prizimu nzuri, na wauzaji huliacha kwenye droo kwa sababu wateja hawaliulizii.

Prizimu, ya mshazari na ya kunyooka

Prizimu ni bonge la kioo lililochongwa ili lirudishe kulia mahali pake na kuleta picha mbele ya jicho moja. Kwa Hasselblad utakutana na mbili: inayotazamwa kwa mshazari wa nyuzi 45, kama PM5 na PM45, na inayotazamwa moja kwa moja, kama PM90. Zote zinaongeza uzito wa kuhesabika, nyingi nusu kilo au karibu na hapo, nyingine zaidi. Kiganja chako kitahisi hilo kabla ya mchana kwisha.

Ukilazimika kununua moja tu, nunua ya mshazari. Kamera inakaa chini ya kidevu, viwiko vinaegemea mbavu, na mkono wa kushoto unabeba sanduku kwa chini. Kwenye tripodi unaitazama bila kuipandisha juu sana, kwa hiyo inatulia. Kwa harusi, kwa kutembea mitaani, kwa kupiga uso wa mtu aliyesimama, ni kilengeo kinachoweza kila kitu kwa kiasi cha kuridhisha. Ubaya wake ni kwamba unatazama chini huku lenzi ikitazama mbele, kwa hiyo siku za mwanzo utaelekeza kamera ardhini bila kujua.

Ya kunyooka inafaa kwa mtu anayefuata mwendo, au anayetaka kamera iwe usawa wa macho ya watu wazima siku nzima. Kwa Hasselblad siipendekezi kwa anayeanza. Kamera hii haina pa kushika vizuri inapoinuliwa usoni, na bila mshikio wa pembeni mikono itatetemeka kwenye kasi ndogo. Hesabu bei ya mshikio pamoja na ya prizimu.

Wengine hutafuta prizimu za Kiev 88. Kamera hiyo, iliyotengenezwa na kiwanda cha Arsenal mjini Kyiv, ilifuata umbo la Hasselblad za mwanzo, na vilengeo vyake vingi huingia kwenye reli za Hasselblad. Ni njia ya bei nafuu. Jaribu kwanza kwenye kamera yako mwenyewe kabla ya kulipa, kwa sababu havikutengenezwa kwa vipimo vinavyofanana kila kimoja, na usilazimishe kinachokwama.

Jambo moja ambalo hakuna prizimu inayolirekebisha: kwenye Hasselblad 500, RB67 na Bronica SQ, ukibonyeza, kioo cha ndani kinabaki juu na kilengeo kinakuwa giza hadi uzungushe tena. Kama giza hilo linakuudhi, tatizo liko kwenye kamera. Kamera za lenzi mbili kama Rolleiflex hazizimiki kamwe, kwa kuwa lenzi ya kutazamia haipigi picha. Kasoro yake ni kwamba lenzi hiyo iko juu ya ile inayopiga, kwa hiyo ukisogea karibu sana unachokiona kinapishana na kinachopigwa, hasa kwa kamera isiyo na kifaa cha kufidia. Kwa Mamiya C330 ya lenzi mbili vilengeo vinabadilishwa, kikiwamo kimoja kinachotumia vioo badala ya prizimu. Ni chepesi, na kina giza kuliko prizimu ya kweli.

Umbo la fremu linaweza kukuamulia

Ushauri wangu wa kukaa na kilengeo cha kiunoni unahusu kamera za mraba na zile zinazogeuza kasha la filamu. RB67 hupiga fremu ya mstatili, lakini kasha lake huzunguka nyuma, kwa hiyo picha ya wima unaipata kamera ikiwa imesimama vilevile. Ndiyo maana RB67 na kilengeo cha kiunoni ni ndugu. Kamera hiyo peke yake inapita kilo mbili, na kuibebesha prizimu ili uishike mkononi ni kujitesa.

Kwa kamera za sentimita 6 kwa 4.5, kama Mamiya 645 na Bronica ETR, hali ni nyingine. Picha ya wima inakulazimu kulaza kamera ubavu. Kilengeo cha kiunoni sasa kinatazama pembeni, na kwa kuwa kile kilichokuwa kulia na kushoto kimekuwa juu na chini, watu wanaonekana vichwa chini. Hakuna mazoezi yatakayokufanya ulifurahie hilo. Nunua prizimu tangu mwanzo, isipokuwa kama unajua hutapiga picha za wima. Pentax 67 iko kundi hilo hilo, na pamoja na prizimu yake inashikwa kama kamera ndogo iliyokuzwa. Kumbuka tu kwamba prizimu yake haionyeshi fremu yote, kwa hiyo kwenye filamu utakuta vitu vya ukingoni ambavyo hukuviona.

Usinunue prizimu kwa ajili ya mita

Prizimu yenye mita ya mwanga inavutia kwenye tangazo. Kwenye Mamiya 645 au Bronica ETRSi, prizimu sahihi inazungumza na kamera na kuchagua kasi ya shata yenyewe, na kwa anayefanya kazi za haraka hiyo ina thamani. Kwenye Hasselblad 500 haizungumzi na kitu. Inakupa namba, nawe unaihamishia kwenye lenzi kwa mkono. Hivyo hivyo ungefanya na mita ya mkononi, au na programu ya simu.

Umri nao una neno. Mita hizi nyingi zina miongo kadhaa. Baadhi ya za zamani zilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo hazitengenezwi tena, na betri ya kawaida ya volti 1.5 inazidanganya. Kwenye Pentax 67 mita ya prizimu imeunganishwa na lenzi kwa mnyororo mwembamba ndani ya kamera. Toa lenzi kwanza, weka prizimu, halafu rudisha lenzi. Ukibadilisha mpangilio huo unaweza kuukata mnyororo.

Kuna sababu nyingine ninayoijali zaidi. Mita ya ndani ya prizimu inapima mwanga unaoruka kutoka kwenye vitu, na inadhani kila kilicho mbele yake kina weusi wa wastani. Msimamishe bwana harusi mwenye ngozi nyeusi, amevaa kanzu nyeupe, mbele ya ukuta wa chokaa. Mita itaona weupe mwingi, itakuambia upunguze mwanga, na uso wake utarudi kutoka maabara hauna macho. Mita ya mkononi ya kupima mwanga unaomwangukia mtu haijali rangi ya kanzu wala ya ngozi: isimamishe karibu na kidevu chake, uelekeze kitufe cheupe kwenye kamera, usome. Pesa ya ziada ya prizimu yenye mita ipeleke huko.

Kioo cha fokasi kabla ya kilengeo

Watu wengi wanaolalamika kwamba kilengeo cha kiunoni kina giza wanalalamikia kioo kilicho chini yake. Vioo vya Hasselblad za zamani ni vya giza, hasa pembeni, na ukiweka prizimu juu yake utaona giza lile lile kwa jicho moja. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 Hasselblad ilileta vioo vya Acute-Matte, vilivyotengenezwa kwa ushirikiano na Minolta, na ving'avu kiasi kwamba mtu hudhani amebadilishiwa lenzi. Toleo la baadaye, Acute-Matte D, linatambulika kwa vikato viwili vya nusu duara kwenye ukingo wa fremu yake. Wauzaji wanajua thamani yake, basi nawe vitafute vikato hivyo kabla ya kulipa bei ya D.

Kwenye 500C/M na zilizofuata unabadilisha kioo mwenyewe kwa vidole. Kwenye 500C nyingi kimefungwa na kinahitaji fundi, jambo la kuuliza kabla hujanunua kamera yenyewe. Chagua chenye mistari ya miraba kama unapiga majengo au bahari, na chenye duara la kugawa picha katikati kama macho yako yanachoka. Wapo wanaopenda kioo cha zamani kisicho na alama, kwa sababu picha inaruka kutoka ukungu kwenda ukali bila shaka yoyote. Nenda na macho yako.

Ukiwa dukani au unapofungua kifurushi

Kwenye Hasselblad, kilengeo hakitoki hadi kasha la filamu litoke. Ingiza kwanza bati la kukinga filamu, toa kasha, ndipo uvute kilengeo kuelekea nyuma. Kinachokataa kutoka kwa mvuto mdogo kimepinda. Kwenye kilengeo cha kiunoni, kunjua na kukunja mara kadhaa: kuta zisimame zenyewe, na lenzi ya kukuzia ifyatuke na kukaa.

Prizimu itazame ukielekea ukuta mweupe. Mabaka meusi au mstari wa kahawia unaokata picha ni dalili kwamba rangi ya fedha nyuma ya kioo inabanduka, mara nyingine kwa sababu ya sponji ya ndani iliyooza na kuila. Hiyo haifutiki. Nyuzi nyembamba kama utando ni kuvu, na kwa wakazi wa Tanga, Mombasa au Unguja kuvu ni adui wa kudumu. Prizimu yenye kuvu usiiweke sanduku moja na lenzi zako. Vumbi la ndani halina madhara kwa picha, kwani filamu haipiti hapo. Litumie kupunguza bei. Nyumbani, vifaa vyako vikae kwenye kasha linalofunga vizuri lenye pakiti za kufyonza unyevu, na uzikaushe pakiti hizo mara kwa mara. Mfuko wa ngozi uliokuja na kamera ni mzuri kwa safari, na mbaya kwa kuhifadhia.

Kioo cha fokasi kikague upande wake. Kikilazwa kichwa chini au kikikaa juu ya punje ya mchanga, utafokasi kwa uangalifu wote na bado kila picha itakuwa ukungu. Njia ya kuhakikisha ni roli moja. Laza rula ndefu mezani, iende mbali nawe, weka kamera kwenye tripodi, fungua tundu lote, fokasi kwenye namba 15 kwa lenzi ya kukuzia, piga. Rudia kwa umbali wa mita tatu na mita kumi ukitumia uzio au mstari wa matofali. Ukishabadilisha kilengeo, kioo au vyote viwili, fanya jaribio hili kabla ya kazi ya mtu. Filamu ikirudi na namba 15 ikiwa kali, kilengeo kimekubali. Ikiwa 13 au 17 ndiyo iliyo kali, toa kioo, kisafishe, kikalishe upya, na upige tena kabla ya kumpelekea fundi kamera.